Figo moja ya mtoto imejaa vifuko, kipimo cha jeni hakijaonyesha kitu: imetoka wapi?

Mdau ameuliza mambo matatu kwa mpigo. Altrasaundi ya wiki ya 20 imeonyesha figo ya kulia ya mtoto imejaa vifuko vya maji, ya kushoto inaonekana sawa. Kipimo cha jeni kimerudi bila kitu. Na ndugu wameshaanza kubishana kasoro imetoka kwa baba au kwa mama. Nianze na jinsi figo inavyojengwa, maana bila hapo majibu ya maabara hayasomeki.

Figo unazotembea nazo ni jozi ya tatu. Kijusi hutengeneza mbili za awali zinazofifia, halafu kwenye wiki ya 5 hivi huanza ile ya kudumu. Kazi hiyo inahitaji pande mbili. Kuna mrija wa Wolff unaoshuka nyuma ya mwili wa kijusi, na karibu na ncha yake ya chini kuna bonge la seli za mesenkima, yaani seli changa ambazo bado hazijawa kiungo. Mesenkima inamwaga protini iitwayo GDNF, na seli za mrija zina kipokezi chake, RET. GDNF ikishika RET, mrija unachipua, chipukizi linazama ndani ya bonge na kuanza kutoa matawi, kila tawi likigawanyika mawili tena na tena. Chipukizi nalo linarudisha ujumbe kupitia protini nyingine, WNT9B: seli za mesenkima zilizolizunguka zinajikusanya, zinakuwa kijifuko, kijifuko kinajipinda kama herufi S, mwisho kinakuwa nefroni kamili, yaani kichujio na mirija yake. Chipukizi lenyewe ndilo linalokuja kuwa ureta (mrija unaopeleka mkojo kibofuni), pelvisi ya figo na mirija inayokusanya mkojo.

Panya walioondolewa jeni ya Ret wengi huzaliwa bila figo kabisa. Hilo lilionekana mwaka 1994, na miaka miwili baadaye wale wasio na Gdnf wakaonyesha jambo hilohilo.

Ukishaelewa mawasiliano hayo, kasoro nyingi unazitabiri mwenyewe. Chipukizi lisipotoka, figo haipo. Yakitoka mawili, upande mmoja unapata ureta mbili. Likitoka juu au chini ya mahali pake, ureta inaishia kibofuni pasipo sahihi, mkojo unarudi juu au njia inaziba. Likifika salama lakini ujumbe ukakatika katikati, unapata figo ndogo isiyokomaa, au figo ya vifuko kama ya mtoto huyu. Kuna jeni ambazo kazi yake ni kuzuia tu: ROBO2 na SLIT2 zinaiwekea GDNF mipaka. Mipaka ikilegea, RET inaamshwa mahali pengi na machipukizi yanazidi. Ndiyo maana hitilafu za ROBO2 zimepatikana kwenye baadhi ya familia zenye watoto ambao mkojo unarudi nyuma.

Figo kubaki nyongani, au mbili kuungana kwa chini kama kiatu cha farasi (takriban mtu 1 kati ya 500), hayo ni matatizo ya safari ya figo kupanda kutoka nyongani hadi mahali pake. Sitakaa hapo.

Nefroni mpya zinakoma kutengenezwa kati ya wiki ya 34 na 36 ya mimba. Baada ya hapo hakuna dawa wala chakula kinachoongeza hata moja. Wastani ni kama milioni moja kwa figo, lakini watu wenye afya wanatofautiana sana, kuanzia laki mbili na kitu hadi zaidi ya milioni mbili.

Sasa jeni zenyewe. Nyingi zinazohusika (PAX2, EYA1, SIX1, SALL1, GATA3, HNF1B) ni swichi za kuwasha jeni nyingine, na kila mtu ana nakala mbili. Nakala moja ikiharibika, iliyobaki haitoshi kipimo kinachohitajika. Na kwa kuwa swichi hizo zinatumika pia mahali pengine mwilini, dalili za nje ya figo ndizo zinazomwelekeza daktari. PAX2 inagusa mshipa wa fahamu wa jicho. EYA1 na SIX1: vitundu mbele ya sikio, vijitundu shingoni, usikivu hafifu. SALL1: kidole gumba na njia ya haja kubwa. GATA3: uziwi na kalisi ndogo kwenye damu.

HNF1B nitaipa nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayopatikana mara nyingi kuliko nyingine na ndiyo inayopotezwa mara nyingi na vipimo. Mtoto mmoja anaweza kuwa na vifuko pande zote mbili, ndugu yake figo moja, baba yao figo za kawaida na kisukari kilichoanza akiwa na miaka 20 na kitu. Hitilafu ni ileile. Tafuta kwenye ukoo kisukari cha ujanani kwa watu wembamba, magnesiamu ndogo, jongo la mapema, vimeng'enya vya ini vilivyopanda bila sababu, na wanawake wenye mfuko wa uzazi wa umbo lisilo la kawaida. Kwa karibu nusu ya wagonjwa, jeni haina herufi ya DNA iliyokosewa, bali imefutika yote pamoja na jirani zake kwenye kromosomu ya 17, eneo liitwalo 17q12. Mashine inayosoma herufi tu itasoma nakala nzima iliyobaki, ione kila kitu kiko sawa, na majibu yatoke safi.

Kwa hiyo kabla hujaamini neno «hakuna kitu», iulize maabara kama walihesabu nakala, yaani walitafuta vipande vilivyofutika au kujirudia. Kati ya watoto wenye figo ndogo zisizokomaa, karibu mmoja kati ya kumi ana kipande cha kromosomu kilichopungua au kuzidi, na hicho hakionekani kwa kusoma herufi pekee. Uliza pia orodha ya jeni zilizosomwa (HNF1B, PAX2, EYA1, SALL1 na GREB1L ziwemo), na kama sampuli za wazazi zilisomwa pamoja na ya mtoto. Hata kila kitu kikifanywa vizuri, sababu ya jeni moja hupatikana kwa asilimia 10 hadi 20 tu. Majibu matupu hayamaanishi kwamba si jeni. Yakirudi na hitilafu ya daraja la 3, yaani ambayo bado haijulikani kama inaleta ugonjwa au la, isikupe uhakika, na kwa maoni yangu usiiruhusu iamue lolote kuhusu mimba. Baada ya miaka michache omba data ileile isomwe upya, bila kutoa damu tena.

Imetoka upande wa nani? Huenda hakuna upande. Hitilafu nyingi huanza upya kwa mtoto. Zinaporithiwa, mzazi anaweza kuwa amebeba hitilafu na figo zake nzima, kwa hiyo kusema «kwetu hakuna mgonjwa wa figo» hakuthibitishi chochote. Mzazi akiwa na hitilafu ya aina inayohitaji nakala moja tu, kila mimba ina nafasi ya asilimia 50 kuirithi, lakini kuirithi si lazima kuugua. Ikiwa ni ya nakala mbili, na wazazi wote wawili wameibeba, asilimia 25. Ikiwa imeanza kwa mtoto, takriban asilimia 1. Jeni pia si mshukiwa pekee: kisukari cha mama kisichodhibitiwa mwanzoni mwa mimba, na dawa za presha za jamii ya enalapril na losartan kuanzia mwezi wa nne, huharibu figo zinazojengwa.

Kuhusu mtoto mwenyewe: figo ya vifuko haichuji kitu, na kwa kawaida husinyaa taratibu bila upasuaji. Macho yote yawe kwenye ya kushoto. Maji ya uzazi yakiwa ya kutosha baada ya wiki ya 20, inafanya kazi, kwa sababu wakati huo maji mengi ni mkojo wa mtoto. Takriban theluthi moja ya watoto hawa wana kasoro upande wa pili pia, mara nyingi mkojo kurudi juu. Altrasaundi ya kwanza baada ya kuzaliwa isifanywe kabla ya saa 48, maana mtoto mchanga anakojoa kidogo na uvimbe wa figo unaweza kufichika. Asisubirishwe kama maji ya uzazi yalikuwa machache, au ni mvulana mwenye kibofu kinene na ureta zote zimepanuka. Kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinachuja kiasi gani) ya siku ya kwanza ni ya mama. Irudiwe siku kadhaa baadaye. Figo ya kushoto inatakiwa ikue kupita ukubwa wa kawaida wa umri wake, maana inafanya kazi ya mbili. Ikiwa «ya kawaida» miaka miwili baadaye, hiyo si habari njema. Homa isiyo na sababu, mkojo upimwe siku hiyohiyo. Kila mwaka presha na protini kwenye mkojo, na ibuprofen ikae mbali, hasa akiharisha.

Cha kufanya wiki hii ni altrasaundi ya figo za wazazi wote wawili, pamoja na sukari na magnesiamu ya damu. Kwenye fomu iandikwe kwamba mtoto ana figo ya vifuko, ili anayepima ahesabu figo, apime urefu, atafute vifuko vidogo, na kwa mama aangalie umbo la mfuko wa uzazi. Fomu ikisema «maumivu ya tumbo», ataangalia nyongo na kukuaga.