Kwa nini wazee wa taarabu warudi kwenye udi

Ndugu aliyeuliza kama wakongwe wa taarabu huku Lamu wameacha vinanda vya umeme na kurudia udi, ile ala ya nyuzi, kwa sababu hela zimekauka, naomba nijibu kwa niliyoyaona. Mimi ndiye niliyeambiwa niache kinanda changu nyumbani.

Miaka minane nilipiga kinanda katika kundi la ami mmoja wa mtaa wa Langoni. Spika kubwa, ngoma zatoka kwenye mashine. Siku moja akatuita barazani kwake akasema, "Kuanzia leo ni udi, dumbaki, tari na fidla. Wewe shika tari." Niliona uchungu, nikadhani ni uzee wasema.

Mazoezi ya kwanza yakanifumbua macho. Wimbo ulikuwa wa maqamu ya bayati, mojawapo ya mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu. Kwenye bayati sauti ya pili haikai penye kitufe chochote cha kinanda cha kawaida. Iko katikati ya vitufe viwili. Shingo ya udi haina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, basi kidole chateleza mpaka mahali penyewe. Nilikitazama kidole cha ami kikisogea kiasi cha unene wa punje ya mchele, na wimbo niliojua kwa miaka ukawa mwingine kabisa. Kumbe siku zote nilikuwa nikipiga sauti ya jirani, naye akiipinda yake inifuate mimi!

Halafu kuna maneno. Taarabu yetu ni shairi kwanza. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany wa Matondoni, na udi hakuuweka chini. Tafuteni albamu yake *Mtindo wa Mombasa*, ya 1990, msikilize anavyokipa kila kina nafasi yake. Mashine ikijaza kila pengo, kina cha kati chamezwa, na shairi lililokatwa vina ni kelele tu.

Mfano mzuri wa mkongwe aliyefanya hivyo ni Johnny Cash, mwimbaji wa Marekani. Mwaka 1994, akiwa na miaka 62, alitoa albamu *American Recordings*, sauti yake na gitaa basi. Sauti ya mtu mzima ina mikwaruzo yake, na mikwaruzo ile yataka kusikika.

Ama hela, ni kweli kundi dogo ni nafuu, na udi wavuka kwa mashua hadi Shela bila jenereta. Lakini msidhani ni njia ya mkato. Udi wa ami una nyuzi kumi na moja, na unyevu wa bahari wazilegeza. Kila baada ya nyimbo mbili aukaza upya. Tari yangu ya ngozi naipasha kwenye jiko la makaa, la sivyo yalia kama ndoo. Na harusi tumepoteza, siwafichi. Vijana wengi wataka rusha roho, taarabu ya kisasa ya kucheza.

Juzi tulipiga Shela, watu hawakufika arubaini. Mzee mmoja aliyekaa mkekani mbele yetu alikuwa akikitamka kina kabla ami hajakifikia, taratibu, midomo tu. Katika miaka minane ya spika sikumwona hata mmoja akifanya hivyo.