Je, gereji ya nyumbani inafaa kugeuzwa vyumba vya kupangisha?

SWALI: Mhandisi, nina gereji ya magari mawili, mita 6 kwa 6, iliyoshikana na nyumba yangu huku Kireka, karibu na Kampala, Uganda. Gari nimeshaliuza. Nataka kuziba mlango, kugawa katikati na kupata mizigo miwili, yaani vyumba viwili vya kupangisha vinavyojitegemea, yenye choo ndani, ili kodi inisaidie ada za shule. Fundi anasema ni kazi ya wiki mbili, ukuta na rangi tu. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, nafasi inatosha, kwa kuwa kila chumba kitapata karibu mita 18 za mraba kabla ya kutoa unene wa kuta. Kinachonitia wasiwasi ni sakafu, ambayo fundi wako hakuitaja. Sakafu ya gereji hujengwa ikiinamia mlangoni ili maji ya kuoshea gari yatoke, na mara nyingi zege lake humwagwa bila nailoni ya kuzuia unyevu, kwa sababu gari halihitaji kinga hiyo. Mtoto anayelala kwenye godoro lililotandikwa chini anaihitaji sana.

Pima mwenyewe kwanza. Kata kipande cha nailoni cha mita moja kwa moja, ukibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne, kisha ukiache usiku na mchana, ikiwezekana katika mvua za Machi hadi Mei. Ukikibandua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekolea weusi kuliko pembeni, basi unyevu unapanda kutoka ardhini, na rangi ya aina yoyote itabanduka. Dawa yake ni kutandika nailoni nzito juu ya sakafu ya zamani, kuipandisha kidogo ukutani, na kumwaga juu yake zege jipya lenye wavu wa chuma litakalosawazisha ule mteremko. Sakafu mpya iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 15 hivi, nawe uhakikishe kwamba urefu unaobaki hadi dari haupungui mita 2.4.

Jambo la pili ni uwazi wa mlango, ambao chini yake huenda hakuna msingi wowote. Tofali zikipangwa juu ya zege la sakafu pekee, ukuta mpya huzama na kuachana na ule wa zamani. Nimeitwa mara nyingi kutazama nyufa za namna hiyo, zilizosimama wima kutoka chini hadi linta, ambamo ncha ya kalamu inapita bila kulazimishwa. Chimbeni, mwageni msingi, na ukuta mpya uungwe na wa zamani kwa nondo.

Ukuta wa kugawa upandishwe hadi kwenye mabati, usiishie darini, kwa sababu moto wa jiko la gesi ukipita juu ya dari utawafikia majirani na nyumba yako pia. Vyoo viwekwe mgongo kwa mgongo pande mbili za ukuta huo ili vitumie bomba moja la inchi 4, lenye mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Funua pia tangi la maji taka, kwa maana lilijengwa kwa familia moja nawe unataka kuongeza mbili. Kama halitoshi na huna mahali pa kuchimba jingine, ushauri wangu ni upangishe nyumba moja ya chumba na sebule badala ya mizigo miwili.

Nyaya zifungwe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, na kila mpangaji awe na mita yake. Kazi isianze kabla ya kamati ya majengo ya manispaa kutoa kibali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013.

Katika hesabu zako usisahau kodi ya mapato ya pango, ambayo kwa mtu binafsi ni asilimia 12 ya kinachozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Tuseme kila chumba ni shilingi 350,000 kwa mwezi: kwa mwaka utapokea 8,400,000, na serikali itadai 669,600, bila kukutolea gharama za saruji wala mabati. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 nayo hairuhusu kupandisha kodi ya pango kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa hiyo kiwango cha kuanzia kipange baada ya kujua gharama kamili ya sakafu, msingi na tangi.