Mama mkwe anasema kijiti kitaniziba kizazi

Swali: Nina watoto wanne, wa mwisho ana miezi 7 na bado ananyonya. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Nataka kijiti cha uzazi wa mpango. Mama mkwe anadai kinatembea hadi moyoni na kuziba kizazi, na mume anasema mke anayepanga uzazi ana bwana nje. Nichome sindano kwa siri?
Mama Wanne, Ujiji

Jibu: Mdogo wangu, kijiti kikiwekwa sawasawa hakisafiri. Mhudumu anachoma ganzi upande wa ndani wa mkono usioutumia sana, kisha anakipenyeza chini ya ngozi tu. Papasa kabla hujatoka chumbani. Usipokigusa, mwambie akiangalie hapo hapo. Kuna cha kijiti kimoja cha miaka 3 na cha viwili cha miaka 5. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi haraka.

Habari ya kuziba kizazi, nadhani ilianzia kwenye sindano ya miezi 3. Dawa yake huisha mwilini polepole, hivyo wengine hukaa karibu mwaka mzima baada ya kuacha ndipo wanashika mimba. Majirani wanahesabu miezi, wanatoa hukumu. Na hedhi ikikatika, damu hairundikani popote: utando wa mji wa mimba unakuwa mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka.

Kuhusu siri: huhitaji ruhusa ya mume kupata huduma, na kadi unaweza kuomba ibaki kituoni. Kama amewahi kukupiga au kukutishia kwa jambo hili, nyamaza, chagua sindano, maana kijiti hushikika kwa vidole. Ila miezi ya mwanzo sindano huleta matone yasiyo na ratiba. Mume anayerudi nyumbani siku za mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, akikukuta na damu kila mara, ataanza kuuliza. Na kwa anayeswali, hilo ni usumbufu wa kila siku.

Kama hakuna vitisho, ongea naye, na uanzie kwa mtoto. Qur'ani, Al-Baqara 233, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili. Wataalamu wa afya nao wanashauri kusubiri walau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Hoja hiyo hata mama mkwe ataipinga kwa shida. Hilo la bwana nje usijibizane nalo. Mwombe akusindikize kliniki, amuulize mhudumu mwenyewe.

Usichelewe, lakini. Kunyonyesha hukinga miezi 6 ya mwanzo tu, tena mtoto akinyonya bila maji wala uji, na hedhi ikiwa haijarudi. Wewe umeshapita hapo, kwa hiyo tumieni kondomu tangu leo. Vituo vya serikali hutoa huduma hii bure. Watahakikisha huna mimba, na baada ya kijiti huenda wakakwambia mwendelee na kondomu siku 7. Kama unameza dawa za kifua kikuu au za kifafa, sema kabla hawajaanza, kwa sababu baadhi yake hupunguza nguvu ya kijiti.