Gramu za kitabu, vikombe vya mtandaoni

SWALI: Kitabu changu cha mapishi kinataka unga gramu 250 kwa keki ya mayai manne. Mtandaoni keki kama hiyo imeandikwa unga vikombe 2, na kila nikiipika inatoka kavu, imepasuka juu. Nifuate kipi?

JIBU: Fuata gramu. Ukizamisha kikombe kwenye mfuko wa unga, unaushindilia. Kikombe kimoja kinafika gramu 150 hivi. Ukiutia kwa kijiko bila kugandamiza, ukasawazisha kwa mgongo wa kisu, unapata karibu 120. Kwa vikombe viwili umezidisha gramu 60, yaani nusu kikombe, na mayai ni yaleyale manne. Keki itakosaje kukauka? Tena vikombe havilingani: cha Marekani ni kama mililita 240, cha Australia 250. Hata kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, cha wengine 15.

Mpasuko mara nyingi ni moto mkali: juu hukauka kabla katikati hakujamaliza kuumuka. Nyuzi 350 za Farenhaiti ni kama 175 za Selsiasi. Oveni yenye feni, punguza nyuzi 20 za Selsiasi, isipokuwa mwandishi ametaja feni. Vitabu vizuri hueleza kikombe, ukubwa wa yai na aina ya oveni kwenye kurasa za mwanzo, zile tunazoziruka. Mtandaoni maelezo hayo ni nadra, ila video hukuonyesha mchanganyiko ukidondoka kwenye mwiko, jambo ambalo kitabu huhangaika kulieleza.

SWALI: Mtandaoni kuna kitufe cha kuzidisha vipimo mara mbili. Mbona keki ilifurika oveni nzima?

JIBU: Kitufe kinazidisha viungo tu, chombo na dakika hakivigusi. Kutoka chombo cha duara cha sentimita 20 kwenda cha 25, kina kikiwa kilekile, nafasi inaongezeka mara 1.56, si mara mbili. Kwa hiyo zidisha kwa moja na nusu: mayai manne yawe sita. Muda usiuzidishe, anza kuchoma kijiti katikati dakika ileile ya zamani, kisha rudia kila baada ya dakika tano. Na soma hatua zote kabla ya kuwasha oveni, kwani orodha ya juu ikishabadilika, huko chini maelezo huenda bado yanasema “mimina gramu 100 za sukari”.