"Ananijibu kwa Lugha ya Shule": Majibu kwa Wazazi Wanaolea kwa Lugha Mbili

Binti yangu ana miezi 25. Mimi namwongelesha Kiswahili, baba yake Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya huku tunakoishi. Nimeandika daftarini kila neno analolisema: 31 ya Kiswahili, 27 ya Kifaransa. Mlezi wa chekechea anasema tuache Kiswahili kwanza mpaka mtoto "afunguke mdomo". Tuache?
*Mama wa mmoja*

Msiache. Na daftari hilo ni zuri, kwa sababu wazazi wengi hukadiria tu, na makadirio ya mzazi mwenye wasiwasi yanaweza kuwa ya chini.

Maneno ya mtoto wa lugha mbili huhesabiwa kwa pamoja. 31 na 27 ni 58. Kipimo kinachotumika sana ni maneno yapatayo 50 kufikia miezi 24, na mtoto awe ameanza kuunganisha mawili: "maji isha", "baba njoo". Hakuna anayedai 50 kwa kila lugha. Neno lililokatwa nalo ni neno: akisema "ga" kila aonapo gari, liandike.

Cha kuangalia sasa ni huo uunganishaji. Kama haunganishi kabisa, au hageuki akiitwa jina, au haelewi agizo jepesi ("lete kiatu") kwa lugha yoyote, au amepoteza maneno aliyokuwa nayo, mpelekeni akapimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa usemi. Kasoro ya kweli ya usemi huonekana katika lugha zote mbili. Ikiwa moja ndiyo inayosuasua peke yake, mara nyingi sababu ni kwamba haisikii ya kutosha. Kumwondolea lugha moja hakutibu kasoro. Kunamwachia mama lugha asiyoimudu kwa kubembeleza na kukemea.

Ushauri wa "acheni moja" ni mabaki ya mitihani ya akili ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliyolinganisha watoto wa hali tofauti kabisa za maisha. Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwalinganisha watoto wa Montreal, Kanada, wa hali zinazofanana, na wale wa lugha mbili hawakuwa nyuma, walitangulia. Miaka mingi imepita, ushauri bado unatembea.

Nimemwongelesha mwanangu Kiswahili tangu kuzaliwa. Sasa ana miaka 6, anaelewa kila kitu, lakini tangu aanze shule ananijibu Kifaransa. Nikimlazimisha ananuna. Nimeanza kukata tamaa.
*Baba aliyechoka*

Hili ndilo swali tunaloletewa kuliko yote. Watu huamini kwamba kila mzazi akishika lugha yake, mtoto atazisema zote. Mtafiti Annick De Houwer, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 2007 kuhusu familia takriban 1,900 za Flanders, Ubelgiji, aliona kwamba katika nyumba zilizofuata mpango huo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne hakuisema lugha isiyo ya shule. Nyumba ambazo wazazi wote wawili walitumia lugha hiyo peke yake zilifanikiwa karibu zote. Kwa hiyo mpango wako si mbaya, ila peke yake hautoshi. Mtoto hasemi lugha kwa sababu ameisikia, anaisema akiihitaji. Wako anajua fika kwamba Kifaransa unakielewa.

Hesabu saa kabla ya kubadili chochote. Mtoto wa miaka 6 yuko macho saa kama 13 kwa siku, yaani 91 kwa wiki. Utafiti uliofanywa Miami miaka ya 1990 uliona kwamba watoto waliosikia lugha chini ya asilimia 20 ya muda wao walisita kuitumia. Asilimia 20 ya 91 ni saa 18. Sasa piga yako: saa moja na nusu jioni kwa siku tano, na saa tano kila siku ya mwisho wa wiki, ni 17 na nusu. Toa dakika za televisheni na za wewe kushika simu. Bila shaka umeshaona tatizo liko wapi, na si ukaidi wa mtoto.

Saa zikishaongezeka, tazama unavyomjibu. Mzazi akijibiwa Kifaransa kisha akaendelea tu na mazungumzo, amemfundisha mtoto kwamba Kifaransa kinafaa. Akifoka, amemfundisha kwamba Kiswahili ni ugomvi. Katikati yake kuna njia ambayo mtaalamu Elizabeth Lanza aliieleza mwaka 1992: mzazi hujifanya hakuelewa, au hukisia kwa sauti kwa lugha yake.

"De l'eau, papa."
"Unataka nini?"
"De l'eau!"
"Maji, au juisi?"
"Maji."
"Haya, maji haya hapa. Ya baridi?"
"Ya baridi."

Angalia kwamba baba hakusema "sema kwa Kiswahili". Alimpa maneno mawili achague, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari mdomoni. Hapo ndipo wengi hukosea: humdai mtoto neno ambalo hana. Mtoto akirudi kutoka shule na kisa cha somo la sayansi, hana msamiati huo kwa Kiswahili. Kumkatiza ni kumfunga mdomo. Mwache amalize, kisha kirudie kisa chake kwa Kiswahili kama mtu anayetaka kuhakikisha ameelewa: "Kumbe mbegu ilichipua baada ya siku nne?" Kesho "kuchipua" atakuwa nalo.

Usianze nyumba nzima kwa siku moja. Chagua nyakati mbili tu za siku ambazo hazina haraka, kwa mfano kuoga na kulala, uzishike wiki tatu, ndipo uongeze wa tatu. Asubuhi ya kukimbizana na basi la shule si wakati wa kujifanya huelewi.

Makosa usiyasahihishe uso kwa uso. Mtoto aliyezama katika lugha ya shule huanza kuteleza kwenye ngeli: "vitabu yangu iko wapi?" Jibu: "Vitabu vyako viko juu ya kabati." Inatosha. Mchezo mmoja unaosaidia sana: tia vitu sita mfukoni, apapase bila kuona na kueleza: kigumu, kirefu, kina tundu. Ngeli ya ki-vi inazoeleka bila somo.

Mwanangu wa miaka 3 anasema "nataka nyekundu gari" na kuchanganya maneno ya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja. Amechanganyikiwa?

Hapana. Anaazima neno alilokosa, kama ufanyavyo wewe. Sifa kutangulia nomino ni mpangilio wa lugha yake nyingine. Mjibu "gari jekundu hili?" na muendelee kucheza.

Tukimwekea mtoto katuni za Kiswahili saa mbili kwa siku, si zitaziba pengo?

Kwa mtoto mchanga, hapana. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, Seattle, Marekani, waliwapa watoto wa miezi 9 vipindi 12 vya dakika 25 vya Kichina. Waliocheza na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama mambo yale yale kwenye televisheni hawakuambulia kitu. Simu ya video na bibi ni jambo jingine, maana bibi anajibu. Ila mpeni bibi kazi: "muulize amejenga nini leo", la sivyo simu itaishia kwenye "hujambo" na kimya. Kwa mkubwa wa miaka 6 katuni inafaa ukiikatisha kila baada ya dakika chache na kuuliza, "Sasa atafanyaje?"

Mjukuu wangu ana miaka 11. Wazazi wake waliacha lugha yetu alipokuwa na miaka 4. Nimechelewa?
*Bibi*

Hujachelewa, Bibi. Lugha zilizokuwa kwenye hali mbaya kuliko hiyo zimerudi. Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, kilimzika msemaji wa mwisho aliyezaliwa na lugha ya kisiwa hicho, Ned Maddrell, mwaka 1974. Mwaka 2001 kikafungua shule ya msingi inayofundisha kwa lugha hiyo hiyo. Wamaori wa New Zealand walianza mwaka 1982 kuwakusanya watoto wachanga na wazee katika chumba kimoja, lugha moja tu.

Mjukuu aliyeisikia mpaka miaka 4 haanzi sifuri, hasa kwenye matamshi. Tatizo la umri wa 11 ni aibu: anajiona ana maneno ya mtoto mdogo. Kwa hiyo usimpe majina ya wanyama. Mpe kazi ya kikubwa mnayoifanya wawili, wiki nzima kazi ile ile, ili maneno yale yale yarudi: kushona, kutengeneza baiskeli, kupanga picha za familia na kuandika nyuma yake nani ni nani. Dakika 40, mara nne kwa wiki, zinafaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Na waombe ndugu zake wasimcheke akikosea, hata kwa utani.