Baba kahamishia kwaya sebuleni, kijana kagoma kuimba

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibaha. Kijana ana miaka 14, binti 11, na wa mwisho 6. Mume wangu alikuwa mwalimu wa kwaya miaka mingi, mwezi wa kwanza uongozi ukabadilika wakaweka vijana wenye vinanda, yeye akakaa pembeni. Toka hapo kila siku saa mbili usiku tukishakula tunaimba mpaka saa nne kasoro, kagawa sauti kabisa, mimi ni ya pili. Mwanzo ilikuwa raha hata majirani walikuwa wanakuja kukaa barazani. Wiki mbili zilizopita kijana alikuwa anaimba sehemu yake sauti ikakatika ikatoka kama ya beberu, wadogo zake wakacheka, baba yake akagonga meza akamwambia unaharibu wimbo. Tangu siku ile akimaliza kula anajifungia chumbani na hedifoni. Mume anasema ni utovu wa nidhamu na atamnyang'anya simu. Binti naye anataka kupiga kinanda kipo hapo ndani ila baba anasema mpaka amalize solfa, zile do re mi za kusomea wimbo. Mimi naipenda sana ile hali ya mwanzo. Nimlazimishe kijana au nimwambie mume aache? – Mama Sauti ya Pili*

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza nilicheka kwenye beberu, Mungu anisamehe, mara ya pili sikucheka tena, mara ya tatu ndo nikaona sentensi uliyoipita haraka kama mtu anayevuka dimbwi, eti "yeye akakaa pembeni". Nitairudia hiyo maana mi naona kesi nzima imelala hapo.

Kwanza huyo kijana. Hajakosa adabu, ana miaka 14, koo lake linakua. Mtoto wa kiume akibalehe kile kisanduku cha sauti kinapanuka (ndo hicho kifundo unachoanza kukiona shingoni) na zile nyuzi za sauti za ndani zinarefuka na kunenepa, kama vile mtu katoa uzi mwembamba kwenye gitaa kaweka mnene, halafu mpigaji hajaambiwa. Sauti inashuka karibu nota nane nzima. Kwa wengi inaanza miaka 12, 13, 14 hivi na haitulii kwa wiki moja, inaweza kuchukua miezi, wengine mwaka na zaidi, na katikati hapo mtoto anakuwa juu hafiki na chini hajafika. Akifungua mdomo hajui itatoka ipi! Hata binti yako itamkuta, wa kike pia sauti hushuka ila nota mbili tatu tu kwahiyo watu hawashtuki. Sasa mtu wa hivyo umwambie mbele ya wadogo zake anaharibu wimbo, we ungerudi kesho? Mi nisingerudi, ningejifungia hukohuko na hedifoni.

Na watu wanakosea hapa, wanadhani sauti ikianza kukatika mtoto anyamaze mpaka ipone. Hapana, haumwi huyo. Anaweza kuimba kabisa, ila aimbe pale panapomtosha, asilazimishwe juu kwenye sauti aliyokuwa nayo mwaka jana, na asilazimishwe besi pia eti kwasababu sasa ni mwanaume. (Akilalamika koo linauma au sauti inakwaruza wiki tatu haiachi, hiyo ni habari nyingine, mpeleke akaonwe.)

Sasa uzuri ni kwamba mume wako ni mtu wa solfa na dawa ipo kwenye solfa yenyewe, anaijua kuliko mimi ila hasira zimemziba macho. Si unajua pale juu ya karatasi ya wimbo wanaandika Do ni G, au Do ni F, yaani kimo cha sauti ambacho do inasimamia? Hiyo do inahama. Ukiishusha kutoka G mpaka E au D hakuna herufi hata moja inayobadilika kwenye karatasi, d r m f s l t ziko vilevile, wimbo ni uleule, kilichobadilika ni mlango mnaoingilia tu. Kwenye kwaya ya watu 40 huwezi kuhamisha do kwasababu ya mtu mmoja, sawa. Nyumbani mko watano! Kijana aongee tu kawaida, aseme "habari za asubuhi" halafu avute neno la mwisho kama anaimba, pale sauti inapotua ndo karibu na nyumbani kwake kwa sasa, do ianzie maeneo hayo. Na mwezi ujao mpime tena maana itakuwa imehama. Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni hilo, kila mkikaa kuimba do anaichagua kijana. Siyo baba. Utaona mtoto anavyonyooka mgongo, yule ambaye juzi alikuwa anaharibu wimbo leo wimbo unamsubiri yeye.

Kama wewe utaumia juu au chini kwa siku hiyo basi vumilia, we si ni sauti ya pili, mmezoea kuishi katikati.

Halafu na mimi niseme la moyoni kuhusu hii solfa maana naona imegeuka fimbo. Ilianzia Uingereza, kuna mama mwalimu aliitwa Sarah Glover alikuwa anafundisha watoto kuimba, halafu mchungaji John Curwen miaka ya 1840 akaichukua akaitengeneza zaidi akaisambaza, lengo likiwa watoto wa shule ya Jumapili na watu wa kawaida wasio na hela ya piano waweze kusoma wimbo. Huku kwetu ikaja na wamisionari na ndo maana mpaka leo kwaya ya kijijini haina hata ngoma lakini inapiga sauti nne unasisimka. Yaani ni kitu kilichotengenezwa kumfungulia mtu mlango. Sasa binti wa miaka 11 ana hamu ya kinanda, kinanda kipo ndani, anaambiwa mpaka amalize solfa, amalize wapi, solfa ina mtihani wa taifa? Mwache aguse. Do, fa na so, ajue kupiga kodi (nota kadhaa zinazobonyezwa pamoja) za hizo tatu tu kwa mkono mmoja na nyimbo kibao za kanisani ataziweza, na hiyo solfa itamwingia kupitia vidole bila kugombezwa.

Hapa nakumbuka kwetu. Baba yangu alikuwa na gitaa, lilining'inia kwenye msumari juu ya redio na sisi watoto sita tulikatazwa kuligusa, mtalilegeza, mtalivunja, mikono ina mafuta. Alikuwa anapiga vizuri jamani, Jumapili jioni tunakaa chini tunasikiliza kama tuko kwenye onyesho. Alipofariki tulibaki na gitaa lina nyuzi tano na hakuna hata mmoja wetu anayejua kuliweka sawa. Lipo kwa kaka yangu mpaka leo, msumarini. Tulikuwa wasikilizaji wazuri sana.

Linganisha na ile familia ya akina Zawose. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeishi Bagamoyo, ilimba (ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na zeze zake zilimfikisha mbali sana duniani, akafariki 2003. Wanawake wa familia ile kwa muda mrefu kazi yao ilikuwa kuitikia na kupiga ngoma nyuma, mbele ni wanaume. Leo bintiye Pendo na mjukuu wake Leah ndo wako mbele, wanaitwa The Zawose Queens, 2024 wametoa albamu inaitwa Maisha, na ala zilezile za mzee wanazishika wenyewe. Sisemi binti yako atazunguka dunia, anaweza akaishia kuwa mhasibu, nasema tu mzee alikuwa mkubwa kiasi kile na bado ala hazikubaki msumarini.

Haya turudi kwenye dimbwi. Mume wako kasimamia kwaya miaka mingi, Jumamosi mazoezi, Jumapili watu 40 wanamwangalia mkono, akiunyanyua wanapumua pamoja. Siku moja kaambiwa pumzika mwalimu, vijana wana kinanda na biti. Alilia? Aligomba? Hujaniandikia, nadhani hakufanya chochote, alirudi nyumbani akala na saa mbili usiku akagawa sauti. Mdogo wangu huyo bwana hajaanzisha muziki wa familia, kahamishia kwaya sebuleni na nyie ndo wanakwaya waliobaki, sasa mmoja naye anataka kuondoka! Unashangaa kwanini aligonga meza?

Kwahiyo usimwambie aache, na usimwambie unatesa watoto, ukianza hivyo utakuwa mtu wa pili kumvua uongozi ndani ya mwaka mmoja. Tafuta muda watoto hawapo, siyo usiku wa kuimba na siyo kitandani, labda Jumapili mkitoka ibadani mnatembea, muulize tu umeikumbuka kwaya? Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kazi lakini nyamaza, mwache aongee mpaka amalize, inawezekana toka mwezi wa kwanza hakuna aliyemuuliza. Akishamaliza ndo umwambie habari ya koo la mtoto na habari ya do, umwambie kama mtu anayeomba msaada wa mwalimu maana kweli ni mwalimu. Na kama kuna kwaya ya mtaani au ya watoto inahitaji mtu, mchokoze huko, kipaji chake ni kikubwa kuliko sebule yenu.

Kuomba radhi nako. Mi wababa zetu nawajua, neno samahani kwa mtoto linapita kwenye koo jembamba kuliko la huyo kijana. Sitegemei aseme. Lakini kuna kitu anakiweza, amsimulie siku yake yeye sauti ilipokatika. Lazima ilikatika, kwani alizaliwa na besi? Ilikatika wapi, nani alicheka, alijificha wapi. Amsimulie wakiwa wawili, wanaosha baiskeli au wanafuata maji, sijui nyie mnafanyaga nini huko Kibaha. Hiyo itatosha na inazidi samahani.

Simu isiguswe. Badala yake kijana aulizwe anasikiliza nini, na wiki ijayo alete wimbo mmoja kutoka humo kwenye hedifoni muufanye wote. Kama ni singeli basi ni singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, nataka sana kuona mwalimu wa kwaya anavyoipigia mkono hiyo. Na siku ambayo kijana hataki kabisa kutoa sauti apewe ngoma, hamna ngoma ndoo ya lita 20 igeuzwe, kushika mapigo ni nusu ya kazi na hakuna anayekatika sauti kwenye ndoo. Wa miaka 6 mtieni mchele kwenye chupa ya maji ndo kayamba lake, ila mchele uwe kidogo, ukijaza haulii.

Muda ndo sina mjadala. Saa mbili mpaka saa nne kasoro kila siku, na shule kesho, hiyo hata kwaya ya mkoa hawafanyi. Mara mbili kwa wiki, nusu saa, muache wakati bado wanataka kuendelea. Siku nyingine zijitokeze zenyewe, umeme umekatika mko barazani mtu anaanzisha, mwingine anaitikia, hakuna aliyegawa sauti. Si ulisema majirani walikuwa wanakuja barazani? Walifuata hicho.

Sasa nakudai mawili. Nataka kujua mzee alisema nini ulipomuuliza habari ya kwaya, na nataka kujua do ya kijana imeangukia wapi. Mi nakisia D.

Shangazi