Stanley Park na baiskeli ya tairi nyembamba
Ndugu uliyeuliza kama Stanley Park, ile bustani kubwa yenye msitu pale Vancouver, Kanada, unaweza kuizunguka na baiskeli ya tairi nyembamba, inawezekana kabisa, ila pita barabara ya magari, ile njia ya kando ya bahari waachie wanaoenda taratibu na watoto. Barabara ni kama kilomita 9 hivi, inaenda upande mmoja tu, kinyume cha saa, yani bahari iko kulia kwako. Kilima kikubwa ni kile cha kupanda Prospect Point, shusha gia mapema, ukifika juu unateremka katikati ya miti mirefu balaa, hewa ya baridi, harufu ya msitu, aisee mi huwa narudia raundi tatu. Nenda asubuhi na mapema kabla magari hayajajaa, na kama imenyesha shika breki kidogokidogo, majani yanateleza sana.